Umesimamia maghorofa Bongo, umefika Kanada, simu hailii: tuufungue huu mkanganyiko

Mwezi wa pili alinipigia simu mdogo wangu mmoja, sio wa damu, tulisoma chuo kimoja yeye akiwa nyuma yangu miaka sita. Alikuwa amemaliza miezi minne Brampton, hapa Ontario. Bongo alikuwa saiti manija, kasimamia jengo la ghorofa kumi na mbili pale Kijitonyama toka shimo la msingi mpaka lifti inaanza kupanda na kushuka, watu karibu mia na themanini wakiwa chini yake. Hapa anabeba boksi, ghalani, shifti ya usiku.

"Braza nimetuma maombi mia mbili na kumi, nimeyahesabu. Nimeitwa intavyu moja tu. Sasa nimeambiwa leseni ya uinjinia ndo tatizo, kwa hiyo nimeamua nisomee hiyo kwanza, hata ikichukua miaka miwili, kazi nitatafuta nikishaipata."

Nikamwambia bwana mdogo, hiyo leseni unayoisubiri, kazi unayoitafuta haiitaki.

Kimya. Nikadhani laini imekatika.

Sio yeye peke yake, hata mimi nilipofika nilipoteza karibu mwaka mzima kwenye hili hili. Tatizo ni kwamba kuna vitu vitatu tofauti kabisa ambavyo watu wanavifunga kwenye furushi moja na kuliita "kutambuliwa vyeti", halafu mtu anahangaika na kimoja akitegemea kitafungua mlango wa kingine. Nitaeleza kwa Ontario kwa sababu ndipo ninapopajua, mikoa mingine ina bodi zake na sheria zake ila picha haiko mbali sana.

Cha kwanza ni ile tathmini ya shahada kwa ajili ya uhamiaji, ile ambayo wengi tunafanyia WES, shirika la kutathmini vyeti vya nje. Ile karatasi inasema tu kwamba digrii yako ya Ardhi au ya Mlimani au ya JKUAT inalingana na digrii ya Kanada, inakupa pointi kwenye Express Entry, ule mfumo wa kuomba ukaazi, inadumu miaka 5, basi. Muajiri wa ujenzi haiulizi. Mimi niliiambatanisha kwenye kila ombi kama mtu anayeonyesha cheti cha ndoa getini, na sijawahi kusikia mtu akiitaja kwenye intavyu hata siku moja. Hapo hapo weka na ile namba ya kazi ya uhamiaji, 70010, mameneja wa ujenzi, daraja la juu kabisa kwenye orodha yao. Ile inamfurahisha ofisa wa viza. Ukishashuka uwanja wa ndege wa Pearson na mabegi yako hakuna anayejua wewe ni 70010.

Cha pili ni leseni ya uinjinia yenyewe, P.Eng, ambayo Ontario inatolewa na PEO, yaani kama ERB, bodi yetu ya wahandisi ya nyumbani. Hii ni ya lazima kwa mtu anayetaka kufanya na kusaini usanifu, kugonga mhuri kwenye ramani, kubeba dhamana ya hesabu za boriti na nguzo. Na jina lenyewe limelindwa na sheria, huwezi kujitangaza injinia kama huna leseni, kwa hiyo kwenye kadi yako ya biashara na pale juu kwenye LinkedIn chunga sana, hii inawaponza Wabongo maana kwetu "injinia" ni salamu, hata fundi bomba anaitwa injinia. Zamani ilikuwa ngumu kweli kweli kwa sababu walidai angalau miezi 12 ya uzoefu ndani ya Kanada, na uzoefu huo hupati bila kazi, na kazi hupati bila uzoefu, kuku na yai. Mei 2023 PEO wakaliondoa hilo sharti. Sasa unatakiwa miezi 48 ya kazi ya kihandisi popote ulipoifanyia, unajieleza kwa vipengele 34 vya umahiri, na unafanya mtihani wa sheria na maadili ya kazi. Ni mzigo, lakini mtu aliyezoea kuandika ripoti anaubeba.

Sasa sikiliza vizuri. Kusimamia ujenzi, yaani kuwa projekti manija au saiti supaitendenti wa kampuni ya ukandarasi, hakuna leseni ya serikali. Wajenzi wa nyumba mpya za kuuza wana leseni yao ya kampuni, mafundi umeme na mafundi bomba wana vyeti vyao vya lazima, injinia na akitekti wana mihuri yao, ila yule mtu wa kati anayeendesha mradi hana bodi ya kumsajili. Mabosi wangu wawili hapa, mmoja alikuwa fundi seremala akapanda, mwingine kasoma diploma ya miaka mitatu. Hakuna mwenye mhuri. Na kampuni nazo hazina yale madaraja ya CRB, bodi yetu ya wakandarasi, la kwanza mpaka la saba, kwa hiyo ukiandika kwenye CV kwamba ulifanya kazi na mkandarasi wa daraja la kwanza unamwambia mtu kitu ambacho hakina tafsiri kichwani mwake.

Kwa hiyo mlango haujafungwa kisheria. Hapo ndo linakuja jambo la tatu, ambalo halina ofisi, halina fomu na halina ada, na ndo lenye kazi yenyewe: je, huyu bwana nikimkabidhi saiti kesho asubuhi, atanipeleka jela?

Nasema jela na sitanii. Tarehe 24 Desemba 2009, jengo moja la ghorofa Kipling Avenue hapa Toronto, watu walikuwa wanakarabati balkoni kwa kutumia jukwaa la kuning'inia. Watu sita wakalipanda kwa pamoja na kamba za usalama zilikuwa mbili tu. Jukwaa likakatika katikati. Watano wakaanguka zaidi ya futi 100, wanne wakafa, mmoja akaumia vibaya sana. Aliyebaki ni yule aliyekuwa amefungwa kamba sawasawa. Wengi wao walikuwa wahamiaji. Na mwaka 2016 aliyehukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu sio mwenye kampuni wala sio mhandisi wa jukwaa, alikuwa projekti manija. Ile nafasi unayoiomba wewe.

Baada ya hapo mambo yakabadilika, mafunzo ya kufanya kazi kwenye urefu yakawa ya lazima kwa watu wa ujenzi kuanzia 2015, cheti chake kinadumu miaka 3. Na sheria ya usalama kazini ya Ontario inamtaja msimamizi kwa jina la kazi yake, ana wajibu wake mwenyewe, anaweza kushtakiwa yeye binafsi na faini yake inaweza kufika dola 500,000. Sasa rudi kwenye ile intavyu moja ya mdogo wangu. Waliuliza umemkuta fundi mzoefu, wa miaka ishirini kazini, yuko ukingoni hajajifunga mkanda, utafanyaje. Akajibu kama tulivyolelewa: nitamwita pembeni, nitamheshimu maana ni mtu mzima, nitamkumbusha taratibu. Mimi pia ningejibu hivyo mwaka wangu wa kwanza, na kwetu lile ndo jibu la mtu mwenye busara. Hapa limeshakula kwako. Walichotaka kusikia ni kwamba unasimamisha kazi pale pale, anashuka, unaandika, unamjulisha supaitendenti, na harudi juu mpaka amejifunga. Heshima inakuja baadaye kwenye kahawa.

Ndo maana nasema kinachoitwa "uzoefu wa Kanada", ukiondoa ubaguzi ambao upo na tusijidanganye kwamba haupo, sehemu yake kubwa ni hofu ya mambo matatu au manne ambayo yanafundishika. Tume ya haki za binadamu ya Ontario ilishasema tangu 2013 kwamba kudai uzoefu wa Kanada bila sababu ya msingi ni ubaguzi, na kuanzia Januari 1, 2026 muajiri mwenye watu 25 na kuendelea haruhusiwi kuandika sharti hilo kwenye tangazo la kazi. Vizuri, nashukuru. Lakini sheria inafuta sentensi kwenye tangazo, haifuti wasiwasi kichwani mwa bosi, na wasiwasi huo unaujibu wewe mwenyewe ukijua unatoka wapi.

Ukishatoka kwenye usalama unakutana na mikataba, na hapa nitakaa kidogo maana ndo kuna utamu.

Kwetu, iwe mkataba wa NCC, FIDIC au ule wa JBC wa Kenya, roho ya kazi ni BOQ, kile kitabu cha vipimo vya kazi yote. Mkadiriaji majenzi wa mteja anahesabu kila kitu, mita za ujazo za zege, kilo za nondo, mita za mraba za plasta, halafu wakandarasi wote wanajaza bei kwenye vitabu vinavyofanana. Kiasi kikiwa kimekosewa kuna namna ya kupima upya. Nilipofika hapa bosi akanitupia tenda ya shule, ramani na spesifikesheni, nikafungua folda, nikaifungua tena, nikamuuliza BOQ iko wapi. Akaniangalia kama nimemuuliza ngamia wake kamfunga wapi. Hakuna BOQ. Unahesabu mwenyewe, ukisahau ukuta ni ukuta wako. Kazi nyingi za umeme, bomba, jipsamu, paa zinatolewa bei na sabkontrakta, yaani wakandarasi wadogo, na siku ya kufunga tenda bei zinamiminika mpaka dakika za mwisho, mtu ana simu sikio hili na nyingine sikio lile anajaribu kuangalia kama yule wa paa kaweka insulesheni ndani au kaiacha nje.

Sasa wewe mkadiriaji wa Bongo unayesoma hapa, unaona nini? Wewe umefundishwa kupima kwa kanuni, miaka minne ya shule umekaa unapima misingi kwa mkono. Watu wa hapa wengi wanajifunzia kazini. Dawati la estimeta, yaani mkadiriaji wa hapa, ndo mlango wenu, na sijui kwa nini wengi mnaukimbia mkitaka u-manija moja kwa moja. Kitu cha kujifunza ni lugha tu: hapa kazi zinapangwa kwa namba za MasterFormat, 03 zege, 05 vyuma, 09 umaliziaji, 26 umeme, ukizijua hizo na ukajua kupima kwenye Bluebeam umeshaongea kama mwenyeji. Programu yenyewe wikiendi mbili inatosha.

Malipo nayo. Bongo ritensheni iko kwenye mkataba, mteja anashikilia asilimia kadhaa mpaka kipindi cha matazamio kiishe. Hapa asilimia 10 inashikiliwa kwa amri ya sheria, kila anayelipa anamshikilia anayelipwa, mteja kwa mkandarasi, mkandarasi kwa sabkontrakta, na lengo lake sio ubovu wa kazi, ni kuwalinda walio chini wasipolipwa, maana sabkontrakta ambaye hajalipwa anaweza kuweka zuio kwenye kiwanja chenyewe. Na tangu Oktoba 2019 mteja ana siku 28 kulipa ankara iliyokamilika, mkandarasi akishapokea ana siku 7 kuwalipa walio chini. Siku 28! Mimi kuna setifiketi ya malipo Bongo niliipeleka mwanangu yuko chekechea, ikalipwa anasoma darasa la pili. Ila ankara yenyewe lazima iwe na vitu vyote sheria ilivyotaja, ikikosa kimoja mteja anaweza kuikataa kwa maandishi ndani ya siku 7 na zile siku zisianze kuhesabiwa, kwa hiyo mtu anayejua kuandaa ankara inayopita anatafutwa. Hili ukilisema kwenye intavyu, uso wa muulizaji unabadilika.

Halafu maandishi. Kwetu ramani ikigongana, nguzo imekaa mlangoni, unampigia injinia mshauri, anakwambia isogeze milimita mia mbili, kesho akija saiti anaandika kwenye kitabu cha maelekezo. Akikumbuka. Hapa ni RFI, swali la maandishi lenye namba na tarehe na kipande cha ramani kimezungushiwa rangi nyekundu, na jibu lake linarudi kwa maandishi, na likigusa pesa linazaa cheinji oda, hati ya mabadiliko ya kazi na bei, ambayo isiposainiwa hujafanya kazi, umetoa sadaka. Mwanzoni nilidhani ni uoga wa hawa watu. Nikakaa mwaka nikaona ni ulinzi, neno la simu halina mwenyewe siku ya ugomvi.

Na mkandarasi mkuu hapa hana jeshi la mafundi kama letu. Ana watu wachache, waliobaki wote ni wa sabkontrakta na wengi wana vyama vyao vya wafanyakazi vyenye mipaka ya nani anagusa nini. Wiki ya pili niliokota nyundo nigongomee ubao uliolegea njiani, nia njema kabisa, kipara wa chama cha maseremala akanijia mbio. Nyundo niliirudisha chini taratibu kama mtu aliyeshikwa na bunduki.

Kuna mambo ya mikono pia, haya hayapo kwenye CV lakini yanakuumbua. Sisi tunauza mbao kwa inchi, mbili kwa nne, tofali inchi sita, misumari inchi nne, ila ramani zetu ni milimita na nondo milimita. Hapa ramani za serikali nyingi ni milimita, za watu binafsi futi na inchi, na saiti kila mtu anaongea inchi, tena inchi zenye sehemu, tano ya nane, tatu ya kumi na sita. Na ile mbili kwa nne yao ikipimwa ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, usibishane nao, ndo ilivyo. Siku moja foremani Mreno, mzee wa miaka sitini na kitu, kanisomea vipimo vya bolti za nguzo za chuma, mimi nikawa navigeuza kwenye simu kwenda milimita, naviweka sawa, navirudisha. Bolti nne zikakaa nje kwa karibu inchi nzima. Tuligundua kabla ya zege, ashukuriwe Mungu. Yule mzee hakunifokea, alichukua tepu yangu niliyotoka nayo Kariakoo, yenye sentimita pande zote mbili, akaifunga, akaniwekea mfukoni, akanipa yake. "Hapa usitafsiri. Inchi isome kama inchi."

Nimeifikiria sana ile kauli, maana kwenye saiti alikuwa sahihi na kwenye CV ni kinyume chake, kule tafsiri kila kitu. Usiandike shilingi bilioni kumi na nne, andika kwa dola za Kanada za mwaka ule, andika futi za mraba, idadi ya ghorofa, muda uliopangwa na muda uliotumika. Usiandike jina la mkandarasi ukadhani linajulikana, andika ni kampuni ya nini na ya watu wangapi. Kurasa mbili, na hapa nawaomba jamani, toa picha, toa tarehe ya kuzaliwa, toa dini, toa hali ya ndoa, toa shule ya msingi. Nimepokea CV ya mtu ana miaka kumi na tano ya kazi na ukurasa wa kwanza wote ni jina la baba, kabila na mtihani wa darasa la saba.

Baridi nayo ina elimu yake. Msingi Toronto unashuka angalau mita 1.2 ili ardhi ikiganda isiunyanyue, sisi tunachimba mpaka tukutane na udongo mgumu, wao wanaikimbia barafu. Joto likishuka mpaka nyuzi 5 zege linahesabiwa la baridi, zege jipya linatakiwa likae angalau siku 3 kwenye nyuzi 10 au zaidi. Sasa nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri. Januari yangu ya kwanza nilisimama saa kumi na moja alfajiri ndani ya hema la maturubai, hita za gesi zinanguruma, zege limelazwa chini ya mablanketi kama mgonjwa wa homa, kuna kijana kazi yake ni kuzunguka na kipimajoto na kuandika namba. Nikakumbuka Dodoma tulivyokuwa tunamwagia zege maji mchana kutwa lisikauke haraka. Kemia ile ile, adui kageuka.

Sasa unaingilia wapi. Usianze na cheo ulichokiacha, najua inauma, mtu ulikuwa na dereva leo unaambiwa koodineta. Ila projekti koodineta ndo kiti ambacho kinakupitishia mikononi RFI, cheinji oda, ankara, miniti za vikao, yaani kila kitu nilichoeleza hapo juu, na mtu mwenye miaka kumi nyuma yake hakai pale muda mrefu. Mimi nilikaa miezi kumi na nne. Kiti kingine ni estimeta mdogo, nimeshasema. Kingine ni supaitendenti msaidizi, huyu anatakiwa afungue geti saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo ina maana gari, na gari ina maana leseni ya G, ile kamili ya udereva. Watu wanaidharau hii. Leseni ya udereva imewanyima kazi Wabongo wengi ninaowajua kuliko P.Eng. Ukija na barua ya mamlaka iliyokupa leseni ya nyumbani ikithibitisha umeendesha miaka miwili au zaidi, unaweza kwenda moja kwa moja kwenye mtihani wa G badala ya kupanda ngazi zote za wanaojifunza. Barua hiyo kuifuatilia ukiwa hapa ni usumbufu, ukiwa Dar ni siku kadhaa za kwenda na kurudi.

Kozi za kuanza nazo ni za bei ndogo, ile ya urefu niliyoitaja, na WHMIS ya kemikali, hiyo unafanya kwenye mtandao jioni moja. PMP, cheti cha usimamizi wa miradi, kama unaweza ifanye kabla hujahama, ni ile ile dunia nzima na huku inaeleweka. Gold Seal ya chama cha wakandarasi wa Kanada ni nzuri, ina njia ya estimeta, ya supaitendenti na ya projekti manija, inahesabu uzoefu na mtihani, lakini hiyo ni ya mwaka wa tatu wa nne, sio ya kwanza. Na P.Eng omba, simkatazi mtu, peleka maombi yaende yenyewe huku unafanya kazi, kosa ni kukaa ghalani ukiisubiri.

Maombi mia mbili kwa kubofya hayo ni kamari. Angalia matokeo ya tenda za manispaa na bodi za shule, zinatangazwa, aliyeshinda leo anahitaji watu baada ya wiki chache. Kuanzia Februari kampuni zinajipanga kwa msimu wa masika, mwezi wa kumi na mbili simu haipokelewi. Na watu, jamani watu. Kazi yangu ya kwanza ilitoka kwa Mkenya tuliyekutana naye kwenye mazishi, tena hatukuwa tumeongea ujenzi, alikuwa analalamika kwamba koodineta wao kaacha kazi.

Wanaotoka Ghuba wananishangaa nikieleza haya, mtu kafanya Muscat au Doha, alitafutiwa kazi akiwa nyumbani, akatua na kitambulisho cha kampuni, FIDIC ile ile, milimita zile zile. Ni kweli, ila kule kibali chako kimefungwa na muajiri. Uingereza nao wako karibu na sisi zaidi, BOQ wanaijua, wao geti lao ni kadi ya CSCS na ile kozi ya usalama ya siku tano kwa mameneja wa saiti. Kila nchi inaogopa kitu chake, ukijua inachoogopa umeshajua cha kuandika kwenye CV.

Mdogo wangu ameanza mwezi wa tano, koodineta, kampuni ya watu arobaini, wanajenga kituo cha zimamoto. Juzi kaniuliza shemeji yake anakuja mwezi wa tisa, naye mtu wa saiti, abebe nini. Nikamwambia barua ya leseni ya udereva, transkripti mbili kwenye bahasha zilizofungwa na chuo, barua za wateja zenye thamani ya mradi, na picha za saiti zenye tarehe. Buti atanunua huku, za kwetu hazina ile alama ya pembetatu ya kijani wanayoitaka. Na tepu aiache.